Usiutenge Mfupa na Udongo Wake: Olduvai, Laetoli na Mvua za Kale

Ndugu walimu na wanafunzi, waongoza watalii, nanyi wazee wetu wafugaji ambao mifugo yenu hukanyaga kila siku haya tutakayoyazungumza: wazee shikamooni, na wengine wote karibuni.

Ukitaja Korongo la Olduvai mbele ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza, atakujibu fuvu. Atakutajia Zinjanthropus, atakutajia Mary Leakey aliyelipata, na aliyesoma vizuri atakupa na tarehe, 17 Julai 1959. Yote hayo ni sahihi. Ila fuvu lile likiwa peke yake mezani halina umri. Halina ziwa, halina mvua, halina fisi wala swala. Karibu kila tunachokijua kuhusu dunia aliyoishi zamadamu yule, yaani jamaa wa kale wa binadamu, kimetoka kwenye udongo ulioshika mifupa yake na ya majirani zake: jivu la volkano, tope la ziwa, vifundo vya chokaa, meno ya panya. Kwa hiyo leo nitausemea udongo kuliko mifupa. Mfupa uliotengwa na udongo wake umepoteza zaidi ya nusu ya habari zake, na hasara hiyo hairudishiki hata kwa maabara ya gharama kubwa kiasi gani.

Tuanze na korongo lenyewe. Miaka milioni mbili iliyopita, mahali pale palikuwa beseni. Katikati kulikuwa na ziwa la maji ya chumvi na magadi, lisilo na mto wa kutolea maji. Mashariki na kusini yake walisimama Ngorongoro, Olmoti na wenzao, na milima hiyo ilikuwa hai. Volkano zikamwaga majivu, ziwa likaacha tope, vijito vikaleta mchanga na kokoto, upepo ukapanga vumbi, na kazi hiyo ikaendelea zamu kwa zamu. Baadaye nchi ikakatika kwa mipasuko ya Bonde la Ufa, upande wa Olbalbal ukashuka chini, na mto wa msimu unaotoka pande za Ndutu na Masek ukapata mteremko wa kuchimbia. Leo kuta za korongo zimefika hadi mita 90, na historia yote ile imeachwa wazi mchana kweupe. Wanajiolojia waliyapa matabaka makuu majina: la chini kabisa ni Tabaka la I, kisha la II, la III na la IV, na juu yao ni Masek, Ndutu na Naisiusiu. Aliyeyapima kwa subira kuliko wote ni mwanajiolojia Richard Hay, na ramani yake bado ndiyo msingi wa kazi inayoendelea.

Kanuni ya kusoma matabaka ni nyepesi: la chini ni la kale kuliko la juu. Mtihani uko kwenye mipasuko. Olduvai imekatwa na mipasuko kadhaa, na kila mpasuko umeshusha upande mmoja. Ukitembea mita mia chache ukiamini uko usawa uleule, kumbe umeshavuka mpasuko na unachokanyaga ni tabaka la umri mwingine kabisa. Ndiyo maana mtu wa kazi hahesabu urefu kutoka chini ya korongo. Anatafuta jivu linalotambulika, lenye rangi, chembe na madini yake maalumu, analifuata kwa miguu kutoka ukuta huu hadi ule, kisha anapima mfupa uko sentimita ngapi juu au chini ya jivu hilo.

Kila aina ya udongo ina mwenyewe aliyeiweka. Udongo wa mfinyanzi laini wa kijani au kijivu, ambao ukiushika vidoleni hauna mchanga, ulitulia chini ya maji ya ziwa. Kokoto za mviringo zilizolala zikiegemea upande mmoja ni za mto. Tabaka la III ni jekundu, na wekundu ule ni chuma kilichoshika kutu: mashapo ya vijito na nyanda yaliyokaa hewani, yakilowa na kukauka, wakati ziwa la zamani lilikuwa limeshatoweka kwa sababu ya mipasuko. Halafu ndani ya Tabaka la II kuna sehemu iitwayo Lemuta, ya takriban miaka milioni 1.7 iliyopita. Ni jivu lililosombwa na upepo na kulundikwa. Chembe zake zinalingana kwa ukubwa, kwa sababu upepo huchagua: mawe mazito huyaacha, vumbi jepesi hulipeleka mbali, na chembe za katikati huzipanga.

Anayetaka kuona Lemuta ikitengenezwa, aende akautazame mchanga unaohama, karibu na korongo hilohilo. Ni kilima cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo, cha jivu la volkano linalohusishwa na Ol Doinyo Lengai, na upepo unaotoka mashariki hukisukuma mita kadhaa kila mwaka. Kuna vibao vya saruji vinavyoonyesha kilikuwa wapi mwaka gani. Mwanafunzi akisimama pale saa moja mchana wa upepo, akaona chembe zinavyopanda mgongo wa kilima na kuporomoka upande wa pili, ataelewa kwa nini mistari ndani ya jivu la Lemuta imelala mshazari. Na ataelewa pia maana yake: ili upepo usombe jivu kiasi kile, nyasi zinazolifunga lazima ziwe chache. Lemuta ni ushahidi wa ukame.

Sasa mifupa. Kwanza tuelewe kwamba mfupa kubaki ni jambo la nadra sana. Katika Amboseli, nchini Kenya, mtafiti Anna Behrensmeyer alianza katika miaka ya 1970 kufuatilia mizoga ya wanyama mwaka baada ya mwaka, akagawa kuchakaa kwa mifupa katika hatua sita, kuanzia 0 hadi 5. Hatua 0 mfupa bado una mafuta. Hatua ya 1 unapata nyufa ndefu zinazofuata urefu wake. Ya 2 uso wa juu unaanza kubanduka magamba. Ya 3 uso wake umekuwa wa nyuzinyuzi zinazokwaruza, ya 4 unatoa vibanzi, na ya 5 ukiugusa unasambaratika. Safari hiyo yote, juani, huisha ndani ya miaka kama kumi na tano hivi. Kwa hiyo mfupa uliofika kwetu ni ule uliozikwa haraka: na mafuriko, na tope la ukingo wa ziwa, au na jivu. Na ukiukuta umeshageuka jiwe lakini una nyufa za hatua ya 2, unajua ulikaa wazi miaka kadhaa kabla ya kufukiwa. Lundo la mifupa yenye hatua tofautitofauti halikuwekwa siku moja.

Baada ya kuzikwa, maji ya ardhini huingia kwenye vinyweleo vya mfupa na kuacha madini, hasa chokaa na silika. Hapa udongo unaamua tena. Udongo wenye magadi na chokaa, kama wa pembeni mwa volkano zetu, hutunza mfupa. Udongo wa msitu wa mvua una tindikali, na huuyeyusha. Ndiyo sababu misitu ya Kongo imetuachia mifupa michache mno ya kale. Mtu asije akasema hakukuwa na viumbe kule. Walikuwepo, udongo ndio uliowala. Kosa la kuchukua kutokuwepo kwa visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, kuwa ni kutokuwepo kwa wanyama linajirudia sana katika vitabu vya shule, na ninyi walimu mna uwezo wa kulirekebisha darasani.

Tuje kwenye umri. Kaboni 14, ambayo wengi wenu mmeisikia, mwisho wake ni kama miaka 50,000. Zaidi ya hapo inayobaki ni kidogo mno kupimika kwa uhakika. Kwa Olduvai tunatumia majivu ya volkano. Ndani ya fuwele za jivu kuna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo, potasiamu 40, hubadilika polepole kuwa gesi ya agoni. Nusu yake huchukua miaka bilioni 1.25 kubadilika. Mwamba ukiwa umeyeyuka, agoni hutoroka. Ukiganda, inaanza kulimbikizwa upya. Kwa hiyo kiasi cha agoni ndani ya fuwele kinatuambia ni muda gani umepita tangu volkano ilipolipuka. Kwa njia hii, mwaka 1961, tabaka la Zinjanthropus lilitangazwa kuwa na miaka milioni 1.75, umri ambao ulishtua dunia; vipimo vipya, vya fuwele moja moja, vimeusogeza nyuma kidogo hadi karibu milioni 1.84. Tena miamba ileile imehifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia. Kipindi kati ya takriban miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, ambapo sumaku ilielekea kaskazini kama leo katikati ya enzi ndefu ilipokuwa kinyume, kinaitwa Olduvai ulimwenguni kote. Mwanajiolojia akikipata chini ya bahari ya Pasifiki, analiandika jina la korongo letu.

Lakini kipimo hiki kina mtego, na mfano mzuri uko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Kuna jivu pale linaloitwa KBS, herufi zinazotokana na jina la huyohuyo Behrensmeyer wa mifupa ya Amboseli. Mwaka 1970 lilitangazwa kuwa na takriban miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akapata, chini ya jivu hilo, vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470, lenye ubongo mkubwa, na kwa umri ule likawa linapingana na kila kitu. Walioleta mashaka walikuwa nguruwe. Meno ya nguruwe pori wa kale yalibadilika haraka, magego yakirefuka kadiri walivyozoea kula nyasi, na meno yaliyotoka karibu na jivu la KBS yalifanana na yale ya Bonde la Omo, Ethiopia, ambayo umri wake ulikuwa kama milioni 2 tu. Mabishano yakachukua miaka. Shida iligundulika kuwa ni sampuli: jivu la KBS lilisombwa na maji kabla ya kutulia, likachanganyika na chembe kongwe za mawe mengine, na chembe kongwe chache zinatosha kuongeza umri wa sampuli nzima. Walipochagua fuwele safi, wakaufikisha umri wake miaka milioni 1.88. Tangu hapo hakuna mtaalamu makini anayepeleka jivu maabara bila kwanza kuliangalia chini ya lenzi kama chembe zake zina kona kali, yaani zilianguka moja kwa moja, au zimesuguliwa mviringo na maji.

Nimewataja nguruwe, niwape heshima yao na wadogo zaidi. Watu hupenda tembo na twiga, lakini kwa habari za mvua, tembo ni shahidi dhaifu: anatembea mbali, anavumilia nyika na msitu. Panya haendi popote. Anaishi na kufa ndani ya eneo dogo, na kila aina ina makazi yake. Katika Tabaka la I la Olduvai, sehemu za chini zina aina za panya wanaopenda vichaka na unyevu. Kadiri unavyopanda kuelekea juu, panya wa nchi kavu na mchanga wanaongezeka. Huo ni ukavu unaoingia taratibu. Makoa nao wamo, wale konokono wasio na gamba la nje, ambao hubakiza kijigamba cha ndani kidogo sana. Hao hawaishi bila unyevu wa mwaka mzima. Ukingoni mwa ziwa wamepatikana mamba, kambale na sato, na mifupa ya heroe. Heroe hufuata maji ya magadi yenye kina kifupi, kama leo Natron. Weka pamoja heroe na mamba, na utaona picha: ziwa kali katikati, na pembeni chemchemi na vijito vya maji matamu ambako wanyama, na zamadamu pia, walikunywa.

Wadogo hawa hupotea kwa urahisi. Jino la panya halifiki milimita tano, na ukichekecha udongo kwa wavu wa milimita 5 utabaki na mifupa ya swala tu, kisha utaandika kwamba panya hawakuwepo. Chekecheke la kwanza liwe la milimita 5, la pili chini yake liwe la milimita 1, na udongo wa mfinyanzi ulowekwe majini kwanza uyeyuke wenyewe. Ukiusugua kwa mkono, meno yanavunjika.

Kuna ushahidi usioonekana kwa macho kabisa, nao ni kaboni iliyomo kwenye enameli ya meno, kwenye vifundo vya chokaa vya udongo wa kale, na kwenye nta ya majani. Miti na vichaka vinanasa kaboni kwa njia moja. Nyasi za nchi za joto kwa njia nyingine, na tofauti hiyo hubaki kwenye mwili wa anayezila. Miligramu chache za enameli zinatosha. Zinjanthropus alibandikwa jina la mvunja kokwa kwa sababu ya magego yake makubwa na taya nzito. Meno ya jamii yake kutoka Olduvai na Peninj, karibu na Ziwa Natron, yalipopimwa, zaidi ya robo tatu ya chakula kilionekana kutoka kwenye kundi la nyasi na ndago. Kokwa ngumu, kama alizila, hazikuwa mlo wake mkuu. Nta ya majani iliyonaswa kwenye tope la ziwa nayo imeonyesha kwamba wakati wa Tabaka la I nchi ilikuwa ikipinduka kutoka miti mingi hadi nyasi tupu na kurudi tena, ikifuata mzunguko wa kuyumba kwa mhimili wa dunia wa takriban miaka 21,000. Makadirio ya mvua yanakwenda kati ya milimita 250 kwa mwaka nyakati kavu na karibu 700 nyakati za neema. Na katika eneo la Ewass Oldupa, hukohuko Olduvai, lenye umri wa miaka milioni 2, zana za mawe zimekutwa katika mazingira yaliyobadilika kutoka mbuga ya makangaga yenye unyevunyevu, hadi nchi iliyoungua moto, hadi vichaka, hadi miti ya jamii ya mnazi kando ya ziwa, hadi jangwa la nyasi. Waliotengeneza zana zile hawakuwa wa mazingira mamoja.

Kifundo cha chokaa kina masharti yake, niyaseme kwa sababu wanafunzi wa vyuo huyakosea. Kinachofaa ni kile kilichoundwa ndani ya udongo, angalau sentimita 30 hadi 50 chini ya uso wa wakati ule, ambako hewa ya udongo imetawaliwa na mizizi. Kilichoundwa juu zaidi kimechanganyika na hewa ya kawaida. Na chokaa iliyowekwa na maji ya ardhini baadaye inafanana nacho kwa macho, ila haina habari yoyote kuhusu mimea ya pale.

Kilometa kama 45 kusini, Laetoli, habari ni za aina nyingine, na kwangu hakuna mahali duniani panapogusa moyo kuliko hapo. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilitema jivu lenye chokaa nyingi, likaanguka kwa mafungu membamba. Mvua nyepesi ikalilowesha, wanyama wakapita, jua likalikausha likawa gumu kama saruji, kisha jivu jingine likafunika. Nyayo za wanyama zilionekana kwanza mwaka 1976. Mwaka 1978 zikapatikana za zamadamu, na timu ya Mary Leakey ikafukua njia ya karibu mita 27 yenye nyayo takriban 70 za waliotembea wima kwa miguu miwili, kisigino kikitangulia, dole gumba likiwa sambamba na mengine. Miaka ya karibuni watafiti wa Kitanzania wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao, walipokuwa wakichimba mashimo ya majaribio kwa ajili ya tathmini ya ujenzi wa makumbusho, walikuta nyayo nyingine kama mita 150 kusini mwa zile za kwanza, za watu wawili, mmoja akikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Lakini angalieni jivu lenyewe. Limepigwa na matone ya mvua, na alama za matone zimebaki hadi leo, kila moja kijishimo chenye ukingo. Kwenye mafungu ya chini matone ni ya manyunyu ya hapa na pale. Kwenye mafungu ya juu uso wote umechapwa. Richard Hay alisoma hapo mwisho wa kiangazi na kuanza kwa masika, ndani ya majuma machache. Fikirieni: tuna jiwe linalotueleza msimu wa mwaka, miaka milioni tatu na nusu nyuma. Wanyama waliopita wanakubaliana nalo. Kuna sungura wengi mno, dikidiki, kanga, twiga, tembo, kifaru, na farasi wa kale mwenye kwato tatu. Kiboko hayumo, mamba hayumo. Laetoli ilikuwa nchi kavu isiyo na ziwa la kudumu, na zamadamu walikuwa wakiivuka.

Kuhusu kuzihifadhi nyayo, kuna somo ambalo kila mhifadhi anapaswa kulijua. Baada ya uchimbaji, mwaka 1979 njia ile ilifukiwa kwa mchanga na udongo wa karibu ambao haukuchekechwa, na juu yake mawe. Nia ilikuwa njema. Ila ndani ya udongo ule kulikuwa na mbegu za migunga, na mawe yakatunza unyevu. Migunga ikaota, mizizi ikashuka kuelekea kwenye jivu lenye nyayo na katika baadhi ya sehemu ikapenya. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty walilazimika kufukua upya, kukata miti na kuua visiki, kutoa mizizi kipande kwa kipande, kisha kufukia kwa utaratibu mpya: mchanga uliochekechwa, kitambaa maalumu kinachopitisha maji na hewa lakini si udongo, tabaka la kitambaa chenye dawa ya kuzuia mizizi, na juu kabisa mawe ya volkano juu ya tuta lenye mteremko ili maji yasituame. Tuta lile bado linahitaji mtu wa kung'oa miche kila mwaka. Pakiachwa misimu michache, mizizi inarudi.

Mashapo ya juu kabisa, ambayo si ya mamilioni bali ya maelfu ya miaka, nayo yana mengi, na yapo mengi zaidi karibu na watu. Kati ya takriban miaka 15,000 na 5,000 iliyopita Afrika Mashariki ilikuwa na mvua kuliko leo. Kuzunguka Natron na Magadi kuna miamba ya chokaa iliyojengwa na vijiumbe vidogo sana vya majini, imekaa kama mita 50 juu ya maziwa ya sasa: maji yalifika huko. Turkana lilipanda karibu mita 90 na kumwagikia upande wa Nile. Fukwe zake za kale zimejaa magamba ya konokono wa majini na chusa za mfupa za wavuvi, mahali ambapo leo mchungaji hutembea nusu siku kufika kwenye maji. Kabla ya hapo hali ilikuwa kinyume. Tope lililotobolewa chini ya Ziwa Viktoria lina udongo wa nchi kavu wenye vijizi vya nyasi, wa takriban miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita: ziwa lilikauka. Na Ziwa Nyasa, lenye kina kirefu kiasi kile, kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita lilishuka zaidi ya mita 500 mara kadhaa. Anayepanga mabwawa na umeme wa maji kwa kumbukumbu za mvua za miaka sitini ajue kwamba maziwa haya yana kumbukumbu ndefu zaidi, na ndani yake kuna ukame ambao hatujawahi kuuona.

Nimalizie na ninyi mnaotembea huko. Masika yakiisha, kila korongo limepoteza udongo kiasi na mifupa mipya imechomoza. Kwanza itambue. Kisukuku ni kizito kuliko mfupa wa ng'ombe wa ukubwa uleule, na kwenye sehemu iliyovunjika, lenzi ya mara kumi inaonyesha vinyweleo kama sifongo. Jiwe la kawaida halina. Usikiinue. Weka kando yake rula au, ukikosa, kalamu, piga picha moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mteremko wote. Chukua namba za GPS kwenye simu, ukiziacha zitulie dakika mbili kwanza, kwani namba za mwanzo huweza kukosea kwa makumi ya mita. Kisha tazama juu ya mteremko. Kilichoko chini kimeweza kuporomoka kutoka tabaka lolote lililo juu yake, kwa hiyo fuata vipande vidogo kupanda. Vinapoishia, hapo ndipo pa kushuku. Angalia pia udongo ulioganda kwenye mfupa wenyewe, ulinganishe na matabaka: mwekundu, wa kijani, au jivu. Usiuoshe, maana udongo huo ndio cheti chake cha kuzaliwa.

Gundi msipake. Mafundi wa makumbusho hutumia Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni, nyepesi ya asilimia 5 hivi ili iingie ndani, na kwa mfupa mkavu tu. Kwenye mfupa wenye maji inageuka utando mweupe unaobanduka na ngozi ya mfupa. Na hata wao huchukua kwanza sampuli za kaboni, kwa kuwa gundi ina kaboni yake. Wanapofunga mfupa kwa plasta, hutanguliza karatasi laini iliyolowa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa. Bila karatasi, plasta hung'ang'ania mfupa na kutoka nao.

Taarifa ipelekwe Idara ya Mambo ya Kale au kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kwa wenzetu wa Kenya, Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na kisukuku hakiuzwi. Ikiwa mvua inakaribia na mfupa uko kwenye njia ya maji, panga mawe nusu mita kutoka ulipo, upande wa juu wa mteremko, kugeuza mkondo, bila kuugusa, na mwachie jirani mmoja jukumu la kuuangalia mpaka wataalamu wafike.